Boti Italala Wapi? Ushauri wa Rangi kwa Mwenye Boti Kuukuu ya Faiba

Ukiona boti imeegeshwa uani Mwembesongo, hapa Morogoro, ujue imefika kwa lori. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni karibu kilomita 190 za lami, na boti nyingi za faiba zinazopanda barabara hiyo zimeshachoshwa na chumvi na jua kabla wenyewe hawajaamua kuziuza. Mnunuzi wa Morogoro ana sababu zake. Mmoja anaitaka kwa Mto Kilombero, mwingine kwa bwawa la Kidatu au Mtera, na wapo wanaolitazama ziwa lililotanda nyuma ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji tangu lilipoanza kujazwa maji Desemba 2022. Boti inashushwa, inalazwa juu ya matairi chakavu, majirani wanaizunguka, na mtu anauliza, "Sasa tuipake rangi gani?" Jibu la haraka huwa ni "bluu."

Bluu isubiri. Swali la kwanza kumuuliza mwenye boti, hata kama mwenye boti ni wewe mwenyewe, ni hili: usiku italala wapi, majini au nchi kavu? Jibu lake ndilo litakalochagua kopo. Wanaoliruka swali hilo ndio hununua rangi ya bei kubwa, wakaipaka kwa ustadi, na kabla ya masika ya pili ikawa imebanduka.

Mabaharia wa majahazi hawakuhitaji kuambiwa. Chombo kilipopandishwa ufukweni kwa matengenezo, ubavu wa juu ulipakwa sifa, mafuta ya papa, na sehemu ya chini ya maji ikapakwa deheni ya chokaa na shahamu. Juu dawa yake, chini dawa yake. Faiba imebadili vifaa tu. Mgawanyo umebaki palepale.

Rangi za kung'aa za ubavuni, ziwe za mafuta au za poliuretheni, zimetengenezwa kuvumilia jua, mvua na mikwaruzo. Hazikutengenezwa kuloweka. Zikikaa chini ya maji siku nyingi mfululizo, unyevu hupenya taratibu, hujikusanya kati ya rangi na faiba, na rangi huvimba malengelenge. Boti inayoshushwa asubuhi na kupandishwa jioni haina shida hiyo kwa kuwa kila siku inapata kukauka. Hiyo unaweza kuipaka rangi moja kuanzia ukingoni hadi kwenye mkuku. Inayolala majini ni habari nyingine: chini ya mstari wa maji inataka epoksi, tabaka nne hadi sita, na rangi ya kung'aa iishie juu ya mstari.

Hapa watu wa bara tunajidanganya kidogo. Tunadhani maji ya mto ni ya upole kwa sababu hayana chumvi. Kwa faiba ni kinyume chake. Ndani ya faiba, ambayo ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa rezini ya poliesta, hubaki chembechembe zinazoyeyuka katika maji. Maji ya nje huvutwa kuzifuata, na kadiri yanavyokuwa na chumvi kidogo ndivyo mvuto unavyozidi. Joto nalo huharakisha. Kwa hiyo boti iliyokaa Bagamoyo miaka kumi bila lengelenge hata moja inaweza kuanza kuvimba ikihamia bwawani. Ukilitoboa lengelenge la namna hiyo hutoka majimaji yenye harufu kali kama ya siki. (Vaa miwani unapotoboa, maana hayo majimaji hutoka kwa kuruka.)

Dawa yake ni uvumilivu. Malengelenge yote yafunguliwe hadi kwenye faiba nzima, mashimo yaoshwe kwa maji safi mara kadhaa, kisha boti iachwe ikauke kwa wiki kadhaa. Usikisie kama imekauka. Chukua kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa daftari, kigandishe ubavuni kwa selotepu pande zote nne pasipo mwanya, ukiache siku nzima. Ukikuta ukungu wa maji upande wa ndani, faiba bado inatoa unyevu na epoksi utakayopaka itaufungia humo. Ukikuta pakavu, ziba mashimo kwa puti ya epoksi. Puti ya gari ile ya poliesta iache kwa mabampa. Hufyonza unyevu na haifai chini ya maji.

Pwani utauziwa pia rangi ya sumu, ile ya shaba ya kuzuia viumbe wenye magamba wasing'ang'anie tumboni mwa boti. Viumbe hao wa baharini hawaishi katika maji baridi. Huku kinachoshika ni utelezi wa kijani, na huo unaondoka kwa brashi na sabuni. Sioni sababu ya mtu wa Kilombero kununua rangi hiyo, na kwa bwawa kama Mindu, ambalo mji huu unakunywa maji yake, ni jambo la kukataa kabisa. Rangi hiyo kazi yake ni kuachia sumu majini polepole. Ikiacha kuachia imekwisha. Tena shaba ikikaribiana na alumini ndani ya maji, alumini ndiyo inayoliwa, na mguu wa injini ya kubandika ni alumini.

Jambo la kuangalia zaidi ni sumu iliyokuja na boti. Chombo cha umri mkubwa kinaweza kuwa kimepakwa zamani rangi zenye TBT, kemikali iliyoharibu mashamba ya chaza ya Arcachon huko Ufaransa hadi nchi hiyo ikaipiga marufuku kwa boti ndogo mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa wa kuizuia ulipitishwa 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008. Rangi kuukuu za juu nazo zinaweza kuwa na madini ya risasi. Kwa hiyo tumbo la boti usiyoijua historia yake halipigwi msasa mkavu watoto wakicheza pembeni. Tumia msasa wa maji, tandika turubai chini, na tope linalotoka ulikusanye. Usilisukumie mferejini. Maji ya mji huu yanaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo wanayoinywa Dar es Salaam.

Sasa, je, boti yako inahitaji rangi kweli? Faiba hutoka kiwandani na ngozi yake ya rangi, gelikoti, yenye unene wa karibu nusu milimita. Jua huichoma ikafifia na kutoa unga mweupe unaobaki mkononi ukiipangusa. Unga huo si ugonjwa wa mwili mzima. Lowesha sehemu moja kwa maji: rangi ikirudi kukolea wakati imelowa, kuna matumaini. Sugua eneo dogo kwa dawa ya kung'arishia bodi za magari, kisha paka nta. Likipendeza na gelikoti haijapasuka, umeokoa fedha nyingi, na utakachodaiwa ni kurudia nta mara moja au mbili kwa mwaka. Watu wengi hukimbilia brashi kwa sababu rangi mpya inaonekana na jirani. Lakini ukishapaka rangi umeingia ndoa: utapaka tena, na tena. Gelikoti ikiwa na nyufa nyembamba kila mahali, au kuna viraka vya rangi tofauti, au imesuguliwa hadi nyuzi zinaonekana, hapo hakuna ujanja, paka.

Kama boti ilishawahi kupakwa, ijue rangi ya zamani kabla ya kuleta mpya. Loweka kitambaa katika thina kali ya rangi za gari, kibandike juu ya rangi kwa dakika kumi. Ikilainika au kukunjamana, ni rangi ya kopo moja, na ukiiwekea juu rangi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) itanyanyuka yote. Una njia mbili: uiondoe hadi chini, au ubaki na rangi ya kopo moja. Isipotikisika, huenda ni ya hadina au ni gelikoti yenyewe, na kama imeshika vizuri inaweza kubaki kuwa msingi.

Tuje kwenye makopo. Rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya mageti na milango, haina adui mkubwa zaidi ya majivuno ya wauza boti. Inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, bei yake inavumilika, na ukiikwaruza Jumamosi unaitengeneza Jumapili. Mng'ao wake hauvumilii jua letu muda mrefu, na ni laini, kwa hiyo kamba na ndoo huiumiza. Kwa boti ya kazi inayolala nchi kavu, mwenye bajeti ndogo na asiye mvivu wa kurudia, siwezi kumkataza. Ila awe mwangalifu inapokutana na epoksi: juu ya epoksi mbichi rangi ya mafuta inaweza kukataa kukauka, ikabaki inanata wiki nzima. Epoksi ikauke kabisa, ioshwe kwa maji na kusuguliwa, ipigwe msasa, na ujaribie mahali padogo kwanza.

Poliuretheni ya kopo moja iliyotengenezwa kwa ajili ya boti ndiyo ninayompendekezea mtu anayefanya kazi hii mwenyewe kwa mara ya kwanza. Ni ngumu kuliko rangi ya mafuta, hung'aa kwa muda mrefu zaidi, inapakwa kwa rola na brashi, na inasamehe. Jotun, Hempel na International ni majina makubwa ya rangi za majini, lakini jina si la kuabudu. Kilicho muhimu ni kwamba utaweza kupata kopo la pili la aina ileile mwakani, na kwamba praima, thina na rangi vimetoka familia moja. Kuagiza praima kwa huyu na rangi kwa yule kwa sababu ya punguzo la bei ni kutafuta ugomvi usioweza kuusuluhisha.

Poliuretheni ya makopo mawili, ya rangi na hadina, ndiyo bingwa wa kudumu. Ikishakauka hailainiki kwa petroli wala dizeli, na mng'ao wake unaweza kukaa miaka mingi ambayo rangi ya mafuta haiwezi kuiota. Gharama yake si fedha peke yake. Hadina yake ina aisosianeti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu asiyokuwa nayo, na mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha. Hatari inakuwa kubwa zaidi inapopulizwa kwa kompresa, kwa sababu ukungu wake unaingia moja kwa moja mapafuni. Barakoa ya kitambaa, au leso iliyofungwa puani kama tunavyowaona vijana wa gereji wakifanya, haizuii kitu. Viwandani wanaoipuliza huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Fundi wa bodi atakwambia, "Mbona mabampa ya mabasi ni faiba na tunayapuliza rangi ya gari kila siku?" Anasema kweli. Rangi ya gari hushika faiba vizuri ikiwa praima ni sahihi, na kwa ubavu wa juu wa boti inayolala nchi kavu itafaa. Lakini bampa halilowekwi, na gereji si ua wa nyumba wenye bibi, kuku na wapangaji wanne. Ukiitaka rangi ya makopo mawili, ipake kwa rola, mahali pa wazi penye upepo wa kutosha, ukiwa na barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, glavu na mikono mirefu. Mwenye pumu aache kabisa, amwachie mwenzake.

Kupaka gelikoti mpya juu ya boti nzima sikushauri. Nje ya kalibu hutoka na makunyanzi na kukutaka usugue kwa siku nyingi ndipo ing'ae, na isipochanganywa na nta maalumu uso wake hubaki unanata. Pia haishiki juu ya epoksi. Itumie kuziba mikwaruzo tu.

Maandalizi ndiyo yatakayokula muda wako, na hapa sitafupisha. Anza kwa kuosha, si kwa msasa. Boti ya pwani imebeba chumvi kwenye kila ufa, na chumvi iliyofunikwa na rangi huvuta maji kuja kwake. Ioshe kwa maji mengi na sabuni, isuuze, irudie. Kisha ondoa nta na silikoni kwa kitambaa kilicholoweshwa thina maalumu ya kuondolea mafuta. Pangusa kwa kitambaa kimoja, kausha kwa kingine kabla thina haijakauka yenyewe, na vitambaa uvibadilishe mara kwa mara. Ukianza na msasa kabla ya hatua hii, unaisukumia nta ndani ya mikwaruzo, na huko haitoki tena.

Kujua kama umemaliza, mwagia maji safi ubavuni. Yakijikusanya matone matone na kukimbia, nta bado ipo. Yakitandaa kuwa ukaya mmoja unaoteremka bila kukatika, uko tayari. Jaribio hili halina gharama, na sijaona linalolizidi.

Baada ya hapo msasa: namba 80 au 120 pale penye kazi nzito na kwenye epoksi ya kuziba, 180 au 220 kabla ya praima, na 320 hadi 400 kabla ya rangi ya mwisho. Usitafute kulainisha kama kioo; rangi inahitaji mahali pa kung'ata. Epoksi iliyokauka mara nyingine hutoa utando wa mafutamafuta juu yake. Huo unaondoka kwa maji na kitambaa kigumu cha kusugulia, na uondoke kabla ya msasa. Tena epoksi peke yake haipendi jua. Iliyoachwa wazi itageuka unga, kwa hiyo juu ya mstari wa maji lazima ifunikwe na rangi.

Chagua msimu. Masika ya Machi hadi Mei sahau, na vuli nayo si ya kuaminika kwa sababu wingu la Uluguru halina adabu: asubuhi milima inaonekana yote, saa tisa mvua imeshashuka mjini. Juni hadi Septemba ndio wakati wake. Hata hivyo alfajiri za Julai zina umande, na boti hupoa usiku ikalowa jasho usiloliona. Ipanguse, isubiri hadi saa tatu au saa nne, na uweke brashi chini mapema alasiri ili rangi ipate kushika kabla umande haujarudi. Usipake juani, rangi itakauka juu kabla haijajisawazisha. Kivuli nacho uchague. Chini ya mwembe ni pazuri kukaa, lakini miezi hiyohiyo ya kiangazi ndiyo miembe inapochanua, na maua, wadudu na utomvu vitashukia rangi yako mbichi. Turubai lililofungwa juu ya miti minne ni bora. Mwagia ua maji kidogo kabla ya kuanza ili vumbi litulie, lakini si mengi kiasi cha kuleta unyevu.

Kupaka kwa rola kunaweza kukupa uso ambao wengi watadhani umepulizwa. Wawe watu wawili. Wa kwanza anapaka kwa rola yenye manyoya mafupi eneo la upana wa mkono mmoja, tabaka jembamba. Wa pili anamfuata palepale na brashi pana, laini, karibu kavu, akigusa kwa ncha tu, kutoka mahali pakavu kurudi palipolowa, mstari baada ya mstari, bila kurudia. Mapovu ya rola yanapasuka na rangi inalala. Akirudi kusahihisha dakika tano baadaye ameharibu. Kasoro iachwe hadi msasa wa kesho. Rola za sponji za bei rahisi zijaribu kwanza kwenye thina, kwani nyingine huyeyuka katika rangi ya makopo mawili na kukuachia vipande ubavuni. Changanya kidogo kidogo. Joto likipanda kwa nyuzi kumi, muda wa rangi ya hadina kubaki laini hupungua kwa karibu nusu, na epoksi iliyoachwa ndani ya kikombe kirefu huchemka yenyewe hadi kutoa moshi. Imimine kwenye sinia pana.

Kiasi cha kununua ni hesabu rahisi. Jumlisha urefu na upana wa boti, zidisha kwa 2, kisha zidisha kwa kimo cha ubavu juu ya maji. Boti ya mita 6 kwa 2 yenye ubavu wa sentimita 70 ina mita za mraba zipatazo 11. Lita moja hupaka karibu mita za mraba 10, kwa hiyo tabaka mbili ni lita mbili na ushei, na galoni moja ya lita 4 inatosha na kubaki. Tumbo ni urefu mara upana, punguza kidogo.

Na ile bluu? Ubavu mzima wa bluu iliyoiva, chini ya jua la Mtera, unapata joto kiasi cha kuonyesha kila kiraka ulichokiziba, na mng'ao mkali wa rangi nzito hutangaza kila bonde ambalo msasa uliliacha. Nyeupe au rangi ya maziwa husitiri kasoro na haichomi mikono. Weka bluu yako kwenye mkanda chini ya ukingo, na sitahani changanya mchanga laini uliochekechwa kwenye tabaka la kwanza ili mvuvi mwenye miguu iliyolowa asiteleze.

Ukimaliza, namba za usajili zirudishwe omoni zisomeke kabla boti haijagusa maji, maana wakaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) na maofisa uvuvi hawatasifia mng'ao kwanza. Ipe rangi angalau wiki moja kavu, wiki mbili kama ni ya mafuta, kabla ya kuifunga kamba kwa nguvu au kuiburuza. Rangi iliyobaki ihamishie kwenye chupa ndogo inayojaa hadi mdomoni ili isibaki na hewa, uandike jina na namba yake. Hadina iweke peke yake, ifungwe sana. Ukiifungua mwakani na kuikuta imekuwa na ukungu au mabonge, imeshaingiwa na unyevu, inunuliwe nyingine.